Peasi za Mwezi wa Nane

Alen alikuja Mlola na begi la mgongoni lenye mashati matano, na mpaka leo nikiona kijana mtanashati na begi mgongoni natazama kwanza amebeba nini. Mtu anayekwenda kumjulia hali mama wa watu hubeba sukari, au sabuni, au basi huja mikono mitupu na maneno mazuri. Huyu alibeba mashati. Yalikuwa yamepigwa pasi, kila moja limefungwa kwenye gazeti lisikunjamane njiani.

Mimi naitwa Asha. Nimeolewa na Zuberi, kitinda mimba wa marehemu mzee Twaha, na tunaishi na mama mkwe, au tuseme yeye anaishi nasi kwa hisani yake, maana nyumba ni yake na mpeasi ulio mbele ya nyumba ni wake pia. Majirani wote wanamwita Mama Husna. Husna ni kifungua mimba wake, wifi yangu, bosi wa ajira kwenye shirika moja la misaada huko Dar es Salaam. Kwa hiyo mama huyu, tangu asubuhi anapofungua mlango, anaitwa kwa jina la mtoto asiyekuja kumwona.

Na suala lilikuwa kuona hasa. Mama ana presha ya macho. Daktari alituambia wazi kwamba macho yanakufa kidogo kidogo kuanzia pembeni, kwamba dawa ya matone inachelewesha tu, na kwamba kinachopotea hakirudi. Mama hakulia. Aliuliza ataendelea kuona mpaka lini, daktari akasema labda mwaka, labda usifike. Tulipotoka nje alinishika mkono akasema, "Asha, mpigie Husna. Mwambie aje nimwone uso kabla giza halijafunga." Hakuomba kingine, wala mwaka ule wote sikumsikia akiomba kingine. Nilipiga simu siku ileile. Wifi akasema, maskini mama yangu, nakuja, niacheni tu nimalize hii bajeti.

Sijui bajeti hiyo ilikuwa ya nchi ngapi, maana haikuisha.

Mwezi wa kwanza Husna alikuja Lushoto. Lushoto hapo, ambako sisi tunapeleka karoti asubuhi na jioni tumesharudi tunakuna nazi. Alikuja kutoa semina kwa wahitimu wasio na kazi, kwenye ukumbi wa hoteli, juu ya namna ya kujenga koneksheni. Tulijua kwa picha alizotuma kwenye grupu la familia: wifi amesimama mbele ya bango, kipaza sauti mkononi, kidole hewani. Alasiri hiyohiyo akateremka Mombo na kurudi zake mjini. Zuberi alizitazama zile picha, akaizima simu, akaenda kumwagilia kabichi. Mama hatukumwambia. Ningeanzaje kumwambia kwamba mwanawe amepanda mlima kuwafundisha watu jinsi ya kutunza watu?

Ndani ya ukumbi ule alikuwepo Alen. Ni kijana wa Mlalo, wazazi wake ni wakulima wazuri tu, washarika wa Kilutheri wanaoheshimika. Ana digrii ya maendeleo ya jamii na alikuwa hajapata kazi tangu amalize. Hilo simcheki. Milima hii imejaa wenye digrii wanaolima hoho, na hakuna mtu mwenye akili anayewacheka. Ninachomdharau ni kile alichoondoka nacho kwenye ile semina. Wifi, akitafuta mfano wa kuchangamsha watu, alisema yeye si mgeni, mama yake mzazi yuko Mlola. Wenzake walipiga makofi. Alen aliandika.

Alifika mwezi wa pili, mpeasi umeelemewa, peasi zinaanguka zenyewe na kuku wanazidonoa. Alishuka kwenye bodaboda, akapangusa viatu kwa karatasi, ndipo akabisha hodi.

"Onga mshi!" akasalimia kwa Kisambaa, kwa sauti ya mhubiri, kisha akapiga goti kabisa. "Shikamoo mama yangu."

"Marahaba mwanangu. Mgeni kutoka wapi?"

"Naitwa Alen, mama. Dada Husna ni mtu wangu wa karibu sana. Nikasema siwezi kukaa mlima huu bila kumwona mama."

Wakati huo mama alikuwa bado anaona mtu akikaa mbele yake. Alimvuta yule kijana karibu, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumtazama kama anatafuta kitu. Mtu wa karibu wa Husna! Ikabidi nikateremshe makande jikoni nimpakulie, na mboga ya mshunga niliyokuwa nimemwekea mume wangu. Alikula vizuri, hilo sitamnyima.

Baada ya kula akatoa simu na kuomba apige picha na mama, ampelekee dada Husna. Hapo sina neno, mtu yeyote angeomba. Walikaa mlangoni, akapiga. Kisha akaomba radhi, akaingia chumba cha uani, akatoka na shati jingine.

"Umechafuka?" nikamuuliza.

"Hapana dada. Hili ni la picha ya mwezi wa nne."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanifafanulia bila haya hata kidogo, tena kwa upole, kama mwalimu anayemhurumia mwanafunzi mzito. Kosa la watafuta kazi wengi, alisema, ni kwamba wanapata namba ya mtu mkubwa, wanamtumia wasifu wao siku hiyohiyo, kisha wananyamaza. Mtu mkubwa anasahau. Koneksheni inataka kutunzwa. Kila mwezi lazima mtu huyo akukumbuke kwa jambo jema, na usimwombe chochote mpaka aone aibu mwenyewe. Akanifungulia simu yake nione. Watu wamepangwa kwenye jedwali, kila mmoja na rangi yake. Kijani ni wale wanaojibu, njano wanaosoma bila kujibu, nyekundu waliopoa. Pembeni ya kila jina kuna siku aliyomsalimia mara ya mwisho, sikukuu zake, watoto wake wanasoma wapi, anaumwa nini. Kuna mkurugenzi mmoja alikuwa amewekewa vidonda vya tumbo. Kuna mchungaji amewekewa msiba wa dada yake, na mbele ya ule msiba kuna alama ya tiki.

"Na mimi nina rangi gani?" nikamuuliza.

Akacheka. "Wewe dada ni mwenyeji tu."

Basi mwenyeji tu akasimama pale na sahani chafu mkononi akatazama maigizo. Shati la mistari, mama ameshika jembe. Shati la buluu, mama yuko jikoni anapuliza moto uliokwisha kuzimika. Akaniomba nimbadilishie mama khanga na mtandio ili isionekane ni siku moja, na hapo nikamwambia afunge begi lake aende. Mama ndiye aliyenizuia.

"Mwache, Asha. Niletee ile khanga yangu ya Idi." Kisha akanong'ona, ingawa kijana alikuwa hatua mbili tu kutoka kwetu, "Husna akiniona mara kwa mara, roho itamwuma. Atakuja."

Nikaleta khanga.

Picha za mwisho, pamoja na ya mwezi wa nane, walipigia chini ya mpeasi. Alen alikuwa ameupenda ule mti. Alimkalisha mama kwenye kigoda, peasi zinaning'inia juu ya kichwa chake, nyingine zimetapakaa miguuni, akawa anamwelekeza: "Mama, geuka kidogo kwenye mwanga. Hapo hapo. Cheka." Mama akageuka, akacheka. Alizipiga nyingi pale, na mashati mawili aliyamalizia hapo. Mimi nilikuwa namtazama huyu mtoto wa Mlalo, aliyezaliwa milimani na kunyonyeshwa milimani, nikajisemea moyoni kwamba shule za bweni zinafanya kazi yake. Mtu anayeujua mpeasi asingeuweka kwenye picha ya mwezi wa nane, wakati umande umeganda, ukungu unakaa mpaka saa tano, na mti umebaki matawi matupu. Sikumwambia. Niliona ni vizuri awe na kitu cha kumtia aibu.

Alipoondoka aliahidi kurudi Jumatano ijayo. Mama akamwekea peasi kwenye kikapu, akazichagua kwa vidole moja moja, zisizo na jeraha. Jumatano akaoga mapema na kukaa mlangoni. Jumatano iliyofuata vilevile. Zilipoanza kutoa maji nilimpelekea ng'ombe.

Picha zikaanza kutembea. Mwezi wa tatu wifi aliweka ile ya kwanza kwenye grupu la familia, na maneno: "Mungu ambariki kijana Alen, amempitia mama." Mwezi wa nne ikaja ya jembe: "Alen hachoki jamani." Mwezi wa tano ikaja ya jikoni. Mashangazi wa Korogwe wakaweka mioyo, binamu wa Muheza akauliza kama kijana ameoa. Na kila picha ilipokuja, safari ya Husna ilisogea mbele. Alikuwa aje Idi, akasema mama anaonekana ananawiri, atakuja kwa utulivu baadaye. Alikuwa aje mwezi wa sita, akapata safari ya Nairobi. Wakati anasema hayo, mama alikuwa ameacha kuona mlango hadi aushike. Nilikuwa namtia matone asubuhi na jioni, naye kila mara ananiuliza swali lilelile, "Ameshaiona picha?" Ameiona mama. "Amesemaje?" Amesema unapendeza.

Nilimpigia wifi. Nilimwambia Alen amekuja mara moja, mwezi wa pili, na begi la mashati.

"Wifi na wewe!" akacheka. "Kwani picha zinajipiga? Au umekasirika kwamba kuna mwingine anayemjali mama?"

Ndiyo shida ya kuwa mke wa kaka. Ukisema kweli ni wivu, ukinyamaza ni kiburi. Nilimwambia kitu kimoja tu, kwamba macho ya mama yanakwisha. Akasema anajua, anajua, na sauti yake ilibadilika, na nikasikia mtu anamwita kwenye kikao. Nilikaa na simu mkononi nikiwa na hasira hadi meno yakaniuma.

Basi nikauachia mti. Husna alikulia chini ya mpeasi ule. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye tawi lake akiwa msichana mdogo, na kovu la kidevuni analo hadi leo, halifichwi hata na poda yake ya gharama. Nilisema huyo kijana ataleta mwenyewe ushahidi wake.

Akauleta kweli. Mwezi wa nane, asubuhi ambayo nilikuwa nimevaa masweta mawili na mama amejifunika blanketi mpaka puani, picha ikaingia kwenye grupu. Mama anacheka juani chini ya peasi zilizoiva, na Alen pembeni yake, shati jeupe, mikono mifupi. "Nimempitia mama leo asubuhi," alikuwa amemwandikia wifi, naye wifi akautupia grupu ulivyo, "anawasalimu sana." Nikatoka nje na simu. Nikasimama chini ya mpeasi. Haukuwa na jani la kufutia kisu. Nikacheka peke yangu, nikasubiri.

Chini yake wifi akaweka moyo mwekundu. Akaandika: "Mama yangu." Basi.

Siku ile ndipo dharau yangu ilipogawanyika, nusu ikabaki kwa Alen, nusu ikashuka kwenda Dar es Salaam. Nilisema mji umemla hata msimu wa peasi za mama yake haujui tena. Na mwezi wa kumi, giza likafunga. Mama aliamka akaniuliza kwa nini sijafungua dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa kitandani kwake. Nilikaa kando yake na kumshika, na nitasema wazi kwamba nililia mimi, yeye hakulia. Aliuliza leo ni tarehe ngapi, na Husna amesema atakuja lini.

Alikuja mwezi wa kumi na moja. Zuberi alikuwa amempigia na kumwambia kwa maneno ambayo sitayarudia. Gari kubwa jeupe likapanda mpaka uani na kukanyaga matuta yangu ya vitunguu. Mlango wa mbele ukafunguka, na aliyeshuka kwanza alikuwa Alen, kitambulisho cha shirika kimening'inia kifuani kwenye kamba ya kijani. Amepata kazi! Afisa uhusiano wa jamii. Aliniamkia kwa jina, akaniuliza habari za Zuberi, za ng'ombe, na za goti langu ambalo sikumbuki kumwambia linauma. Nadhani nilikuwa nimepewa rangi.

Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, amevaa khanga ya Idi. Alen akamwahi, akapiga goti.

"Shikamoo mama. Ni Alen."

Uso wa mama ukafunguka. "Marahaba! Mwanangu wa mashati!" Akanyoosha mkono, akapapasa kola. "Leo umevaa lipi? Lile la buluu au la mistari? Nilikwambia la buluu linakupendeza, hukunisikia, ukalivua upesi upesi ukaweka jingine. Na peasi zako nilikuwekea. Hukurudi."

Alitamka yote hayo kwa sauti ya furaha, bila kumlaumu mtu. Alen alibaki amepiga goti na tabasamu lake. Mimi nikageuka kumtazama wifi, aliyekuwa bado nyuma ya gari anatoa maboksi ya sukari na mchele. Nilitaka nione uso wake ukibadilika. Nilikuwa nimesubiri miezi.

Haukubadilika. Akaendelea kushusha boksi.

Nikamfuata. "Umesikia?"

"Nimesikia, wifi."

"Ulikuwa unajua."

Akaweka boksi chini. Alipangusa mikono, akatazama mpeasi, ambao wakati huo ulikuwa na vitunda vidogo vya kijani. "Peasi mwezi wa nane," akasema. "Unadhani nimesahau? Nilijua hata kabla ya hapo. Ile ya jikoni, moto hauna moshi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa naitazama kabla ya kulala. Nikiitazama nalala." Kisha akarudi kwenye sauti yake ya kipaza sauti. "Asha, kijana anajua kuwatunza watu. Sisi wafadhili wetu wako mbali, hawawezi kuja kila mwezi. Mtu wa aina yake huwezi kumpata kirahisi."

Nimewahi kuwachukia watu, lakini kumdharau mtu kiasi kile nikiwa nimesimama naye uso kwa uso, nimevaa kandambili, sikuwahi. Nilimwonea huruma Alen kwa muda mfupi sana. Yeye alidhani anamdanganya bosi, kumbe bosi alikuwa mteja wake.

"Nenda kwa mama yako," nikamwambia.

Akaenda. Alipiga magoti mbele ya kigoda na gauni lake la ofisini. "Mama, ni mimi. Ni Husna."

Mama aliinua mikono akaanza kwenye paji la uso, akashuka kwenye nyusi, akazipitia taratibu kwa vidole gumba, mashavu, pua, midomo. Alipofika kidevuni akalipata lile kovu, vidole vikabaki hapo. Husna akaanza kulia. Alilia kwa sauti, na nadhani lilikuwa jambo la kweli la kwanza alilolifanya mwaka ule.

"Nilikuwa nakuona, mama," akasema. "Wallahi kila mwezi nilikuwa nakuona."

"Wewe uliniona," mama akasema. "Mimi je?"

Zuberi alikuwa ametoka shambani, amesimama na jembe lake kwenye kona ya nyumba, akainamisha kichwa. Nikasikia mchakacho nyuma yangu. Alen alikuwa ameinuka, simu ikiwa mbele ya uso wake, anarudi kinyumenyume kutafuta nafasi ya kuwapata wote wawili pamoja na mti.

"Mama," akaita kwa upole, "geuka kidogo kwenye mwanga."

Mama, ambaye alikuwa ameshazoea kumtii, akaachia kidevu cha mwanawe, akainua uso.

"Uko upande gani?" akauliza.